Barua ya wazi kuhusu kasri la Champs-sur-Marne: wageni rasmi wa 1959 hadi 1974 wapewe chumba chao

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni wa Jamhuri ya Ufaransa, na kwa viongozi wa Centre des monuments nationaux, taasisi ya umma iliyokabidhiwa majumba ya kihistoria ya taifa hilo.

YAH: KIPINDI CHA 1959 HADI 1974 KATIKA HISTORIA YA KASRI LA CHAMPS-SUR-MARNE

Waheshimiwa,

Barua hii naiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani ili wasomaji wenzangu wa Afrika Mashariki, wa Kongo na wale ninaoishi nao hapa Ulaya waisome na kuipima kabla nakala yake ya Kifaransa haijafika mezani penu. Ombi lenyewe ni moja, na ni vyema nilitaje mapema. Kati ya mwaka 1959 na mwaka 1974 serikali ya Ufaransa ililitumia kasri la Champs-sur-Marne, lililoko mashariki mwa Paris, kuwalaza wakuu wa nchi za kigeni waliokuja kwa ziara rasmi, hasa wale wa Afrika. Naomba kipindi hicho kipewe nafasi ya kudumu ndani ya nyumba hiyo, yenye chumba chake, nyaraka zake na sauti za watu waliohudumu, badala ya mstari mmoja kinaoupata kwa kawaida mwishoni mwa historia fupi za kasri hilo.

Siandiki kulalamika kwamba nyumba imetelekezwa. Haijatelekezwa hata kidogo, na anayeitembelea leo atakuta mali ya umma inayotunzwa kwa ustadi. Ninachokigusa ni jambo jingine: ni nani anayehesabiwa kuwa sehemu ya urithi wa nyumba, na kwa kipimo gani.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajafika huko, inafaa nieleze kwa ufupi kasri lenyewe ni la namna gani. Lilijengwa kati ya mwaka 1703 na mwaka 1708 na msanifu Pierre Bullet akishirikiana na mwanawe, Jean-Baptiste Bullet de Chamblain. Mwenye nyumba alikuwa Paul Poisson de Bourvallais, mtu aliyetoka katika familia ya kawaida akatajirika kwa shughuli za fedha za serikali wakati wa Mfalme Louis XIV. Kabla yake kulikuwa na mweka hazina wa vita, Charles Renouard de la Touanne, aliyeanzisha ujenzi kisha akafilisika. Bourvallais naye hakumaliza salama, kwani baada ya mfalme kufariki iliundwa mahakama maalumu mwaka 1716 ya kuwachunguza waliojineemesha kwa fedha za umma, naye akawekwa kizuizini na mali zake zikachukuliwa. Jumba lake la mjini, katika uwanja wa Place Vendôme, ndilo makao ya Wizara ya Sheria ya Ufaransa mpaka leo. Historia nayo ina mzaha wake.

Thamani ya nyumba hii katika usanifu haitokani na ukubwa. Versailles ni kubwa mara nyingi zaidi, na hata Vaux-le-Vicomte, iliyoko katika wilaya hiyohiyo ya Seine-et-Marne, inamtisha mgeni zaidi anapokaribia. Champs ni nyumba ya mapumziko ya shamba, na Bullet aliipanga akimfikiria mtu anayetaka kuishi humo, si mtu anayetaka kuonekana tu. Katika majumba ya karne ya 17 ilikuwa kawaida vyumba kufuatana mlango kwa mlango, hivi kwamba aliyetaka kufika chumba cha mwisho alilazimika kukatiza katika vyumba vyote vya kati, na mtumishi aliyebeba ndoo ya maji alipita mbele ya wageni. Champs iliwekewa vijia vya ndani na ngazi za pembeni, ili kila chumba kifikike bila kusumbua kingine. Ilitengewa pia chumba maalumu cha kulia chakula, jambo lililokuwa geni wakati ambapo hata wakubwa waliandaliwa meza ya kukunjwa popote walipotaka kula. Ndiyo maana wanafunzi wa usanifu huitazama nyumba hii kama mojawapo ya mwanzo wa makazi ya kisasa ya Ufaransa.

Anayeingia kutoka uani hupita ukumbi wa mbele na mara moja anajikuta katika sebule kubwa yenye umbo la yai, ambayo nusu yake imetokeza nje kuelekea bustanini. Kutoka madirishani macho yanashuka juu ya vitalu vya maua vilivyokatwa kama tarizi, yanapita mabirika na kufuata uwazi mrefu uliopangwa kati ya miti, upande wa bonde la mto Marne. Bustani hiyo yenye hekta 85 ilichorwa kwanza na Claude Desgots, aliyekuwa wa ukoo wa mtunza bustani mashuhuri André Le Nôtre, na karibu miaka 200 baadaye ikarudishiwa sura yake na Henri Duchêne na mwanawe Achille.

Lakini chumba kinachowaleta wengi ni kile kinachoitwa sebule ya Kichina. Mnamo mwaka 1748, kasri likiwa mikononi mwa Duke wa La Vallière, mchoraji Christophe Huet alipewa kazi ya kupamba mbao za kuta zake. Naomba msomaji asimame nami hapa kidogo. Juu ya ardhi ya rangi nyepesi Huet amechora watu waliovalishwa mavazi ya Kichina, ndege, wanyama na miti, vyote vikiwa vimezungushiwa mistari ya maua na majani inayopanda kutoka chini hadi karibu na dari. Kila ubao una tukio lake dogo, na hakuna tukio linalosimulia kisa chochote. Watu wamewekwa pale wapendeze. Kwenye chumba kidogo cha faragha kilicho karibu, mchoraji huyohuyo ametumia rangi ya buluu peke yake, akiififisha na kuikoleza, mpaka ukuta unafanana na kaure iliyoshushwa kutoka merikebuni. China ya Huet haikutokana na safari. Ilitokana na vyombo, vitambaa, picha za kuchapwa na masanduku ya kupakwa rangi yaliyoletwa na biashara ya bahari, bidhaa ambazo watu wa pwani yetu nao walizijua vizuri.

Ninakiri kuwa ni kazi nzuri sana, na yeyote anayesema kwamba ni mapambo matupu ya matajiri hajaitazama kwa utulivu. Hata hivyo, ni kazi inayotufundisha jambo kuhusu nyumba yenyewe. Katika karne ya 18 mtu wa mbali aliingia Champs akiwa pambo la ukutani, hana jina wala neno lake. Baada ya miaka 211 mtu wa mbali aliingia kwa mlango wa mbele, akipigiwa saluti, akiwa na ujumbe wake, bendera yake na madai yake. Nyumba inayoweza kuonyesha mambo hayo mawili chini ya paa moja ni adimu, hata Ufaransa, nchi isiyo na uhaba wa makasri.

Sasa niruhusuni nilinganishe muda. Jina linalotajwa zaidi katika habari za Champs ni la Marquise de Pompadour, kipenzi wa Mfalme Louis XV. Nyumba haikuwa yake. Alikuwa mpangaji, aliyeikodi kutoka kwa Duke wa La Vallière kati ya mwaka 1757 na mwaka 1759, kisha akaondoka. Miaka hiyo michache imetosha kumpa heshima ya kudumu katika kumbukumbu za kasri, na simnyang'anyi heshima hiyo, kwa kuwa alikuwa mlezi mkubwa wa sanaa za zama zake. Ila ikiwa mpangaji wa miaka miwili au mitatu anastahili kukumbukwa hivyo, wageni wa Jamhuri waliopokewa kwa miaka 15 mfululizo wanashindwaje kustahili?

Wamiliki wengi wa katikati nawapita, ila familia ya Cahen d'Anvers siwezi kuipita. Mwaka 1895 tajiri wa benki Louis Cahen d'Anvers aliinunua Champs ikiwa imechakaa, akamkabidhi msanifu Walter-André Destailleur kazi ya kuirudisha katika hali yake. Nyumba tunayoiona leo ni ya Bullet kwa mifupa yake, lakini ni ya familia hiyo kwa sehemu kubwa ya mwonekano wake. Binti zake watatu walichorwa na Auguste Renoir wakiwa watoto: Irène mwaka 1880, na mwaka uliofuata Alice na Elisabeth pamoja, mmoja akiwa na mshipi wa waridi na mwingine wa buluu, katika picha iliyoko sasa São Paulo. Mwaka 1935 Charles, ndugu yao, aliitoa nyumba na bustani kwa serikali ya Ufaransa. Familia ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1944, Ufaransa ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani na ya serikali iliyoshirikiana nao, Elisabeth alikamatwa akasafirishwa, naye akafa njiani kuelekea Auschwitz. Béatrice, binti wa Irène, alifia Auschwitz baada ya watoto wake na mumewe kupelekwa huko pia. Charles aliipa nchi kasri, na haikupita hata miaka 10 nchi hiyo ikashindwa kumlinda dada yake Elisabeth. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba Champs imeshajua kubeba historia nzito pamoja na nzuri, na kwamba karne ya 20 haiko nje ya urithi wake.

Nirudi kwenye miaka niliyoianzia. Mwaka 1958 Ufaransa ilipata katiba mpya. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na 14 kati yake zilikuwa zimetawaliwa na Ufaransa. Ghafla Paris ilikuwa na wageni wa ngazi ya urais ambao, mwaka mmoja au miwili kabla, baadhi yao walikaa kama wabunge au mawaziri katika mabaraza ya Ufaransa yenyewe. Ilibidi walazwe mahali panapolingana na cheo chao, na Champs, iliyokuwa tayari mali ya serikali, ilitumika kwa kazi hiyo. Mwaka 1972 serikali ilinunua jumba la Marigny, linalotazamana na Ikulu ya Élysée, kwa ajili ya wageni rasmi, na mwaka 1974 milango ya Champs ikafunguliwa kwa umma.

Ukiisoma mipango hiyo kwa haraka utaona ni mambo ya itifaki tu. Mimi naona maswali ambayo nyumba yenyewe ndiyo mahali pazuri pa kuyauliza. Kumlaza rais mpya wa Kiafrika kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji, katikati ya bustani ya kifahari, kulikuwa kumtukuza au kumweka mbali kidogo na waandishi wa habari na wanafunzi wa nchi yake waliokuwa wakiishi Paris? Alipoandaliwa chakula katika chumba kilekile cha Bullet, ni nani alipanga nani akae wapi? Nani walipika, na wageni waliulizwa wanakula nini? Makubaliano mangapi ya ulinzi, ya sarafu na ya madini yalizungumzwa kwanza katika sebule ya umbo la yai kabla ya kutiwa saini kwingine? Sidai kuwa majibu yote yatakuwa ya kuvutia. Mengine pengine yatakuwa orodha za shuka na stakabadhi za maua, na hizo pia ni historia; tunaijua nyumba ya karne ya 18 kwa sababu kuna watu waliotunza hati za namna hiyohiyo.

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa, na naomba nizijibu hapa.

Ya kwanza ni kwamba baadhi ya viongozi waliopokewa na Ufaransa katika miaka ile walikuwa madikteta au walikuja kuwa madikteta, na kuwatengea chumba ni kuwasifu. Mimi mwenyewe nina jamaa waliokimbia nchi zao kwa sababu ya watawala wa aina hiyo, kwa hiyo siichukulii hoja hii kwa wepesi. Lakini chumba cha makumbusho si sanamu ya kumtukuza mtu. Bourvallais alitiwa hatiani kwa kuchuma fedha za umma, na hakuna aliyependekeza jina lake liondolewe katika nyumba aliyoijenga. Kama tumeweza kuutazama usanifu wake tukijua fedha zilikotoka, basi mgeni wa leo anaweza kuitazama picha ya rais ngazini akaambiwa bila kuficha rais huyo alikuwa nani, alifuatana na nani na alikuja kuomba au kutoa nini.

Ya pili ni ya kitaalamu na ina uzito zaidi. Watunzaji wanaweza kusema kwamba vyumba vya Champs vimerudishwa kwa uangalifu katika sura ya karne ya 18 na ya zama za Cahen d'Anvers, na kwamba kuingiza simu ya mezani ya mwaka 1965 au kitanda cha mgeni wa serikali kutavunja upatanifu huo. Mwaka 2006 dari la chumba kimoja liliporomoka, kasri likafungwa, na umma haukurejea ndani mpaka mwaka 2013 baada ya ukarabati wa miaka mingi. Anayejua dari za zamani zinavyojengwa, plasta iliyoshikizwa kwenye fito nyembamba za mbao na fito zikapigiliwa misumari kwenye boriti, anajua pia kwamba kila mshindo, unyevu na uzito mpya ni jambo la kupimwa. Kwa hiyo siombi hata msumari mmoja uongezwe katika sebule ya Kichina. Sakafu ya juu na majengo ya pembeni yanatosha kutafutwa humo chumba kimoja kisicho na mapambo ya kulindwa kiasi hicho. Na kwa bahati njema Maabara ya Utafiti wa Majengo ya Kihistoria, iliyoanzishwa mwaka 1970 na ambayo wataalamu wake walishughulikia mawe na vioo vya Notre-Dame baada ya moto wa mwaka 2019, iko papo hapo Champs-sur-Marne. Hakuna kasri jingine lenye ushauri wa kitaalamu ulio karibu namna hiyo.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kusubiri, nalo ni watu. Mpishi msaidizi aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1970 amevuka 80 sasa. Ndivyo ilivyo kwa madereva, watunza bustani, wafua nguo, walinzi, wakalimani, na vijana wa misafara waliokuja na marais kutoka upande wetu wa dunia. Mbao za Huet zimekaa zaidi ya miaka 270 na zikitunzwa zitakaa nyingine. Kumbukumbu ya mtu aliyebeba sinia kutoka jikoni hadi mezani kwa mgeni haina fundi wa kuikarabati ikishapotea. Karibu na kasri, katika mji huohuo, kuna kampasi ya Université Gustave Eiffel, na vitongoji vya pande hizo vina maelfu ya familia zenye asili ya nchi zilezile ambazo viongozi wao walilala pale. Wanafunzi wapo, vinasa sauti ni vya bei rahisi, na wazee wengi wangefurahi kuulizwa.

Kwa hayo, naomba mambo yafuatayo yafikiriwe kwa pamoja. Utolewe wito wa hadhara, katika Ufaransa na kupitia balozi zake barani Afrika, kwa yeyote aliyefanya kazi au aliyelala Champs katika miaka hiyo ajitokeze kusimulia, na masimulizi yahifadhiwe mahali ambapo watafiti wa pande zote mbili watayafikia bila kulipia safari ya Paris. Zikusanywe nyaraka za itifaki, picha, orodha za wageni na za vyakula zilizotawanyika katika hifadhi za Ufaransa, na nchi zilizotuma wageni ziombwe nakala za kwao, kwa sababu picha ya rais akishuka ngazi za Champs ilipigwa pia ili ichapishwe katika gazeti la nyumbani kwake. Kisha chumba kitengwe, hata kiwe kidogo, na kiwekwe ndani ya mzunguko wa kawaida wa wageni, wala kisiwe maonyesho ya miezi mitatu yanayofungwa na kusahaulika.

Ningependa pia waongoza wageni wapewe maelezo ya kutosha kuhusu kipindi hicho, ili mtoto wa shule kutoka Noisy au Torcy anapouliza ni nani wa mwisho kulala katika nyumba hii kabla haijawa ya kutazamwa, apate jibu kamili. Wengi wa watoto hao babu zao walizaliwa Bamako, Abidjan, Brazzaville au Antananarivo, na wanapita langoni pa kasri wakidhani kwamba yote yaliyomo ndani ni ya watu wengine.

Ikiwa itawapendeza kunijibu, nitalitangaza jibu lenu neno kwa neno kwa wasomaji hawa waliolisoma ombi. Na ikiwa mtaamua kuanza na jambo moja tu, basi tafadhali aanze kutafutwa aliyekuwa mpishi.

Kwa heshima na taadhima,

Mkazi wa vitongoji vya mashariki mwa Paris, mzaliwa wa pwani ya Afrika Mashariki